City Water: Tulishinda au Tulishindwa?

  Leo naanza kwa kukiri kosa.

Siku chache zilizopita niliandika habari fupi gazetini kuhusu ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Katikati nikachomeka sentensi moja ya kujifanya najua historia: kwamba Tanzania iliwahi kushinda kesi ya kimataifa dhidi ya wawekezaji wa City Water. Mhariri akaipitisha, gazeti likachapwa. Kesho yake nikapata barua pepe ya mstari mmoja kutoka kwa msomaji nisiyemjua: "Kijana, hukumu yenyewe umeisoma?"

Nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimewasikia tu wakubwa wa chumba cha habari. Nikamfuata mzee mmoja ambaye mwaka 2005 alikuwa mwandishi wa habari za maji. Akacheka. "Dogo, tuliwagaragaza Waingereza." Mwenzake wa meza ya pili akadakia, "Wapi! Tulipatikana na hatia ya kuvunja mkataba wa kimataifa. Aibu tupu." Wakabishana hadi chai ikapoa. Ndipo nikaitafuta hukumu na kuisoma usiku kwa usiku, kamusi ya sheria pembeni. Na jambo la ajabu, wazee wote wawili walikuwa sahihi.

Tuanze mwanzo. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, ule wa Ruvu Chini ukaja 1976. Jiji likakua, mabomba yakabaki yale yale. NUWA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 1981, iliunganishwa mwaka 1997 na idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA. Mtoto huyo alizaliwa na madeni na mabomba yaliyotoboka. Zaidi ya nusu ya maji yaliyosukumwa kutoka mitamboni hayakuleta hata senti. Mengine yalivuja njiani, mengine yalikuwa ya watu waliojiunganishia wenyewe usiku, na mengine yalifika kwa mteja halali lakini bili haikumfikia.

Mimi mwaka 2005 nilikuwa na miaka saba, tukikaa Kimara. Kumbukumbu yangu ya maji ni mkokoteni wenye madumu ya njano na mama akihesabu shilingi mlangoni. Bomba tulikuwa nalo. Lilikuwa mahali pa kuanikia matambara.

Wakati huo neno la mjini lilikuwa ubinafsishaji. Serikali ya Uingereza ililipia hata kampeni ya kutushawishi tuupende, ikiwa na wimbo na video yake. Yaani walipa kodi wa kule walitutungia nyimbo! Lakini kilichosukuma zaidi ni fedha. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikubali kutoa dola milioni 140 hivi za kukarabati na kupanua mfumo wa maji safi na majitaka wa jiji. Sharti likawa kwamba uendeshaji uende kwa kampuni binafsi.

Zabuni ikatangazwa. Baada ya mizunguko mingi, ofa iliyowasilishwa mwishoni ilikuwa moja tu, ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Hapa mtu wa kawaida angesimama kidogo. Ukipeleka ng'ombe mnadani akatokea mnunuzi mmoja, huo bado ni mnada? Lakini mkopo ulikuwa unangoja. Biwater na Gauff wakaunda kampuni iitwayo Biwater Gauff (Tanzania), nayo ikaungana na kampuni ya hapa nyumbani, Super Doll, wakaanzisha City Water Services. Wageni wakashika asilimia 51, mwenyeji 49. Mkataba wa miaka 10 ukasainiwa Februari 19, 2003, na kazi ikaanza Agosti 1 mwaka huo huo.

Nieleze mkataba huo ulivyokuwa, maana hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Haukuwa mauzo. Mitambo, mabomba na mabwawa ya majitaka yalibaki mali ya DAWASA. Fikiria daladala. Mwenye gari anampa dereva gari, dereva anakusanya nauli, anakata chake, analeta hesabu. City Water ndiye dereva. Alisoma mita, alitoa bili, alikusanya fedha, na katika kila bili kulikuwa na sehemu yake, sehemu ya DAWASA, na kiasi kidogo cha mfuko wa kuwaunganishia maji wateja wapya wa majumbani wasio na uwezo. Juu ya hayo, alidaiwa ada ya kukodi kila mwezi.

Ila daladala hii ilikuwa na mambo yake. Siku ile ile ilisainiwa mikataba mitatu, na miwili kati ya hiyo ilimpa dereva huyo huyo kazi ya kununua vifaa na kufunga mitambo kwa fedha za mkopo. Dereva akawa pia fundi na muuza spea. Sisemi kulikuwa na wizi, hukumu haisemi hivyo. Nasema tu kwamba mwenye gari wa Manzese asingekubali.

Halafu kuna konda, mtu wa kusema nauli ni kiasi gani pande mbili zikibishana. Sheria ya kuanzisha EWURA ilipitishwa mwaka 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza kazi mwaka 2006, City Water ikiwa imeshaondoka. Kwa hiyo kampuni ilipotaka bei ipande, hakukuwa na msimamizi huru wa kusikiliza. Kulikuwa na DAWASA, ambaye ndiye mwenye gari, na wizara nyuma yake. Suala hili nalo likaja kuingia kwenye hukumu.

Kosa kubwa hata hivyo lilikuwa kwenye namba. Anayeomba kuendesha maji ya jiji anapiga hesabu: wateja wangapi, wanatumia kiasi gani, wangapi watalipa. Kumbukumbu za wateja wa Dar zilikuwa za kubahatisha. Kuna nyumba zilizobomolewa zenye akaunti na maghorofa yasiyo na akaunti. Ofa ikajengwa juu ya mchanga huo, na waamuzi baadaye walisema wazi kwamba haikuandaliwa vizuri na mapato yaliyotarajiwa hayakupatikana. City Water ikakusanya pungufu ya matarajio, na mwaka 2004 ikaanza kushindwa kulipa ada ya ukodishaji kikamilifu. Ikaomba mkataba ujadiliwe upya. Wakakaa mezani, hawakuelewana.

Kabla sijafika Mei 2005, niseme neno kuhusu majitaka, maana kila mtu huyasahau. Mkataba ulihusu maji safi NA majitaka. Lakini mabomba ya majitaka ya Dar yalihudumia sehemu ndogo sana ya jiji, katikati ya mji na maeneo machache yenye mabwawa kama Vingunguti. Sisi wengine tulikuwa na vyoo vya shimo. Likijaa, unaita gari la kunyonya kama lina njia ya kupita. Kama halina, unawaita vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo. Na wapo waliosubiri mvua kubwa inyeshe wakatapisha choo, uchafu ukaenda na maji hadi mlangoni kwa jirani wa bondeni. Kwa watu hawa mkataba wa mamilioni ya dola haukuwa na ukurasa unaowagusa. Kampuni inayoishi kwa bili itamfuata mwenye bili.

Haya, Mei 2005. Mwaka wa uchaguzi. CCM ilikuwa imemteua Jakaya Kikwete kuwa mgombea wake mapema mwezi huo huo. Waziri wa Maji alikuwa Edward Lowassa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa mwaka huo na kufariki dunia Februari 2024. Mei 12, DAWASA ilidai malipo ya dhamana ya utekelezaji wa mkataba. Mei 13, Waziri akaita waandishi na kutangaza kuwa mkataba umekwisha. Mei 16 akarudia kwenye mkutano wa hadhara. Mei 24 ukaondolewa msamaha wa VAT. Juni 1, maofisa wakaingia ofisi za City Water, wakuu watatu wa kampuni wakafukuzwa nchini, na DAWASCO, kampuni mpya ya umma, ikakaa kwenye viti vyao.

Wananchi walishangilia, na nawaelewa. Lakini soma tarehe hizo tena, polepole. DAWASA ilikuwa na haki ya kusitisha mkataba. Mteja asiyelipa hutolewa, hiyo ni sheria hata ya chumba cha kupanga. Notisi ilikuwa imeshatolewa na mkataba ungekufa wenyewe kabla mwezi Juni haujaisha. Zilibaki wiki chache tu. Hatukuweza kusubiri.

Agosti 2005, Biwater Gauff ikafungua kesi ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Kundi la Benki ya Dunia (benki ile ile iliyotoa sharti, ndiyo). Haikutumia ule mkataba wa maji. Ilitumia mkataba wa mwaka 1994 kati ya Tanzania na Uingereza wa kulinda wawekezaji. Hapo nilijifunza jambo ambalo chuoni halikuniingia: kwa bomba lile lile kuna makaratasi mawili. Moja ni la DAWASA na kampuni, la pili ni la nchi na nchi. Unaweza kuwa na haki kwenye la kwanza ukachemsha kwenye la pili.

Mashirika ya hapa nchini, LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, pamoja na wenzao wawili wa nje, yaliomba kuingia kama marafiki wa mahakama. Mwaka 2007 yakaruhusiwa kuwasilisha maandishi, lakini si kuhudhuria usikilizwaji wala kupewa nyaraka za kesi. Maji ya watu wa Tandale yakajadiliwa milango ikiwa imefungwa.

Hukumu ikatoka Julai 24, 2008. Wazee wangu wa chumba cha habari, sikilizeni. Waamuzi walikubali kwamba DAWASA kudai dhamana na kutoa notisi ni mambo ya kawaida ya mkataba. Lakini matangazo ya Waziri, kuondoa VAT, kuingia ofisini na kufukuza watu, walisema hayo ni matendo ya dola. Tanzania ikaonekana imetaifisha mali na kuvunja wajibu wake kwa mwekezaji. Huo ndio ushindi wao.

Kisha wakauliza: kilichochukuliwa Juni 1 kilikuwa na thamani gani? Wakapiga hesabu za kampuni inayopata hasara kila mwezi, mkataba wake umebakiza wiki chache, na jibu likawa sifuri. Fidia, hakuna. Kila upande ubebe gharama za mawakili wake. Mwamuzi mmoja, Gary Born, aliandika maoni yake pembeni kwa sababu hakukubaliana na njia ya kufikia sifuri, ingawa sifuri yenyewe aliikubali.

Kulikuwa na kesi nyingine, London, kati ya City Water na DAWASA, juu ya ule mkataba wa maji wenyewe. Huko DAWASA ilishinda moja kwa moja, na mwanzoni mwa 2008 ikatangazwa kuwa imepewa takriban pauni milioni 3. Ndiyo kesi ambayo mzee wa kwanza alikuwa anaikumbuka. Mimi nilizichanganya mbili zikawa moja, nikazichapa.

Sasa kwa nini nahangaika na maiti ya zamani? Kwa sababu kesi hii tunaitumia vibaya kila upande. Anayechukia wawekezaji anasema tuliwashinda, kwa hiyo tunaweza kufukuza tena. Lakini kilichotuokoa ni kwamba kampuni ilikuwa maskini. Ingekuwa inapata faida, ile asubuhi ya Juni 1 ingetugharimu fedha ambazo zingechimba visima vingapi! Na anayependa ubia anasema tatizo lilikuwa siasa tu. Si kweli. Siasa ilikuja kuzika. Mgonjwa alikufa kwa namba mbovu za wateja, zabuni ya mtu mmoja na kukosekana kwa msimamizi huru.

Tangu hapo tumetunga Sheria ya Ubia mwaka 2010. Mwaka 2018 ikarekebishwa ili migogoro iamuliwe ndani ya nchi, na mwaka 2023 mlango wa usuluhishi wa nje ukafunguliwa tena. DAWASCO nayo iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, kwa fedha za umma na za wafadhili. Kule Tanga, mamlaka ya maji iliingia soko la hisa mwaka 2024 na hatifungani ya shilingi bilioni 53 hivi, bila kumkodishia mtu bomba. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Gazeti limechapa masahihisho, mistari minne ukurasa wa sita. Msomaji yule nimemjibu, hajarudi. Kama kati yenu kuna aliyefanya kazi ya kusoma mita Dar kati ya 2003 na 2005, naomba aniandikie. Nataka kujua daftari la wateja siku ile ya kwanza lilikuwa na majina mangapi, na mangapi kati ya hayo yalikuwa ya watu kweli.