Mgongo wa Farasi

Miaka ile Temeke nilikuwa nikimbeba mdogo wangu mgongoni mpaka darasani, maana polio ilimwachia miguu isiyosimama. Siku moja tukapishana na farasi wa polisi. Akaninong'oneza, "Kaka, yule angenifaa kuliko wewe." Nikacheka. Kumbe hakukosea, bwana!

Baadaye nilisoma habari za Lis Hartel, mwanamke wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944, ana miaka 23, tena mjamzito. Mtoto akazaliwa salama, lakini mama, kuanzia magotini kushuka chini, miguu ikabaki imepooza. Akarudia farasi. Ilibidi watu wampandishe na kumshusha. Akishakaa juu, basi, hakumhitaji mtu. Mwaka 1952, kule Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Olimpiki ya kumwongoza farasi kwa hatua za madaha. Lis akashindana na wanaume, akatwaa medali ya fedha. Mwaka 1956 akatwaa tena!

Mfano wake uliwatia wengi hamasa, na mwaka 1969 Uingereza ikawa na chama cha kuwapandisha walemavu farasi. Farasi akitembea, nyonga za aliyempanda hucheza kama za mtu anayetembea kwa miguu yake. Joto la mnyama nalo hulegeza misuli iliyokakamaa.

Kwetu farasi ni wa kuhesabu. Mbung'o waliwaua, ndiyo maana mizigo ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikaa mabegani mwa wapagazi. Mdogo wangu naye nilimbeba mimi, mpaka darasa la saba.