Lugha Iliyojifunza Kungoja

Mwaka 1970 Niklaus Wirth, mwalimu wa chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, alitangaza lugha ya kuandikia programu aliyoiita Pascal, kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal. Shabaha yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kufikiri kwa utaratibu. Ndani yake hamkuwa na neno hata moja la kuita kompyuta nyingine.

Turbo Pascal ya 1983 iliieneza kwenye kompyuta ndogo. Delphi ya 1995 ikaikuta intaneti inaenea. Ndipo watumiaji wake wakaandika maktaba za mawasiliano, kama Indy. Hiyo ilichagua kungoja: programu hupeleka ombi, ikasimama mpaka jibu lirudi, kisha ikaendelea na mstari unaofuata. Wapo walioona huko ni kupoteza wakati. Lakini ukiisoma, mambo yanafuatana kama mazungumzo ya watu wawili; na ili wengine wasikwame, kila mteja hupewa uzi wake wa kazi.

Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024. Nami huwaza: mwalimu hawezi kutoa majibu ya maswali ambayo hayajazaliwa. Akifundisha utaratibu, ametoa cha kuyajibia.