Njia Ndefu ya Kwenda kwa Jirani

Siku hizi hapa Karagwe neno "mtandao" hutamkwa kama zamani tulivyotamka neno "mvua". Mtandao upo, mtandao hakuna, leo mtandao unasumbua. Wakala wa fedha akimwambia mkulima aliyetoka vijijini kwamba mtandao hakuna, mkulima hulipokea jambo hilo kama amri ya mbinguni, akaketi kwenye benchi kungoja. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi, kisha nikaongoza shule, siwezi kuridhika na jibu la namna hiyo. Mtandao haunyeshi. Umetengenezwa na watu, unapita mahali fulani, na una historia yake. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki historia hiyo ni kisa cha mtu aliyelazimika kuzunguka nusu ya dunia ili amfikie jirani yake.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Intaneti si mtandao mmoja. Ni mitandao mingi sana, ya makampuni, vyuo, mabenki na serikali, iliyokubaliana kupokezana mizigo. Ndugu msomaji, chukua mfano wa kitabu. Tuseme nataka kukipeleka Dar es Salaam. Badala ya kukifunga kizima, nakichana kurasa, kila ukurasa nautia katika bahasha yake, na juu ya kila bahasha naandika anwani yangu, anwani ya mpokeaji na namba ya ukurasa. Bahasha nyingine nampa dereva wa basi la Biharamulo, nyingine naipeleka Bukoba ivushwe kwa meli hadi Mwanza. Zinafika kwa nyakati tofauti, pengine zimepinduka mpangilio. Mpokeaji anazipanga kwa namba, na akiona ukurasa wa 17 haumo, ananiletea habari niutume tena. Bahasha hizo ndizo pakiti. Picha ya mjukuu, sauti ya mtu aliyeko Mwanza, matokeo ya mtihani, vyote husafiri vimekatwakatwa hivyo.

Anayezipokeza bahasha njiani ni mashine iitwayo ruta. Jambo la kushangaza ni kwamba ruta haijui njia nzima. Inajua tu jirani yake wa karibu ni nani, na kwamba mizigo ya upande fulani apewe jirani yupi. Watu wa Karagwe hawapaswi kuona hilo kuwa geni. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, hakuweza kuendelea Buganda kwa kuwa na ramani. Ilibidi habari zake zitangulie kwa Mutesa, na yeye angoje Januari 1862, walipofika wajumbe wa Mutesa kumchukua. Kila mtawala alikuwa na neno juu ya kipande chake cha njia tu, na safari iliwezekana pale tu walipokubaliana kupokezana mgeni.

Jambo hili la makubaliano ndilo kiini. Tarehe 29 Oktoba 1969, huko California, kompyuta ya Chuo Kikuu cha UCLA ilituma ujumbe wa kwanza kwa kompyuta nyingine iliyokuwa umbali wa kilomita kama 500. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alikusudia kuandika neno LOGIN. Zilifika herufi mbili, L na O, kisha mtambo ukaanguka. Huo ulikuwa mtandao mmoja, ARPANET, uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Swali gumu lilikuja baadaye: mitandao iliyojengwa na watu tofauti, kwa mitambo tofauti, itasemezana vipi? Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala yaliyoeleza utaratibu wa pamoja, ule ambao baada ya marekebisho uliitwa TCP/IP. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ikahamia kwenye utaratibu huo, na hadi leo simu ya mkononi iliyoko Nkwenda inaufuata.

Mwaka huo huo wa 1974 ulikuwa na mambo yake kwetu. Mimi nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu. Novemba ya mwaka ule likatoka Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto aingie shule, na walimu tukajua kazi inakuja. Mwaka ule ule serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Sababu mojawapo ilikuwa hesabu za serikali, ambazo zilikuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta zikavurugika. Vijana wakisikia habari hii hucheka. Mimi sicheki. Nchi iliyokuwa haina madawati ya kutosha ilikuwa na haki ya kuuliza mashine ile itamfaa nani. Lakini gharama yake ni lazima isemwe: miaka ambayo wenzetu walikuwa wanajifunza kuunganisha mitandao, sisi hatukuwa na cha kuunganisha. Amri ililegezwa hatua kwa hatua, hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta zikawa zinaingia kwa wingi.

Hata hivyo si kweli kwamba pwani yetu ilikuwa gizani siku zote. Mwaka 1879 Waingereza walilaza kebo ya simu za maandishi chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo hadi Msumbiji na Durban. Vita vyao na Wazulu viliwafanya watake habari za haraka. Kwa hiyo Zanzibar iliweza kusemezana na London kabla Mjerumani hajatia mguu Bukoba. Jambo la kutazama ni kwamba waya ule ulifuata matakwa ya aliyeulipia. Uliunganisha bandari na makao makuu ya mbali. Kuunganisha Zanzibar na Karagwe, au Karagwe na Buganda, haikuwa shughuli yake.

Barua za kompyuta zilipoanza kwetu, zilikuja kwa njia za kubahatisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 madaktari wa Afrika Mashariki walisaidiwa na SatelLife, shirika lenye makao Boston, lililotumia setilaiti ndogo inayopita chini chini. Setilaiti ile ilikuwa kama tarishi: ikipita juu yako unaikabidhi barua, inazihifadhi, halafu ikipita juu ya mji mwingine inazitua. Wengine walipiga simu za mbali usiku, kompyuta zikapokezana barua za siku nzima, kisha simu ikakatwa kuokoa fedha. Mwaka 1995 Tanzania ilipewa jina lake katika intaneti, yaani .tz, na mwaka 1996 kampuni ya CyberTwiga ikaanza kuuza huduma hiyo Dar es Salaam.

Kutoka hapo tulikuwa ndani, lakini kwa mlango wa nyuma. Kila kampuni ya intaneti ilikuwa na sahani yake ya setilaiti, na setilaiti hizi kubwa hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita kama 36,000. Upande wa pili wa sahani ulikuwa Ulaya au Marekani. Kampuni mbili za mji mmoja hazikuwa na waya kati yao. Basi mtu wa ofisi moja akimwandikia mwenzake wa jengo la pili, aliyenunua huduma kwa kampuni nyingine, barua ilipanda angani, ikashuka ng'ambo, ikavuka kutoka kampuni hadi kampuni huko huko ugenini, ikapanda tena na kushuka mtaani kwetu. Na kwa kila herufi tulilipa dola.

Barua pepe yangu ya kwanza niliituma Bukoba, mwaka 2003, kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa masomoni Kampala. Kijana wa chumba cha intaneti alinionyesha pa kubonyeza, na tukakaa tukitazama kialama kikizunguka. Baadaye nilipoelezwa njia iliyopita barua ile ndipo nilipostaajabu zaidi. Taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa changu ilitumia umeme wa kutoka Uganda, kwa maana kwa miaka mingi Kagera tuliuziwa umeme na Waganda, waya umevuka Mutukula bila mashaka. Umeme ulijua njia ya mkato. Barua yangu ya kwenda kwa hao hao Waganda ikazunguka ng'ambo ya bahari.

Wakenya ndio waliotangulia kulishughulikia jambo hili, na kisa chao kinafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti ya Nairobi yalikutanisha waya zao katika chumba kimoja ili barua za Kenya zibaki Kenya. Waliita kituo hicho KIXP. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kuuza njia za kwenda nje, ikalalamika, na baada ya majuma machache msimamizi wa mawasiliano akaamuru kituo kifungwe. Ilichukua zaidi ya mwaka wa mabishano. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Pakiti iliyokuwa ikitumia sekunde nzima na zaidi kufika mtaa wa pili, sasa ikatumia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hawakuvumbua mashine mpya, walikubaliana kupokezana. Kwa maoni yangu kufungwa kwa chumba kile kulikuwa kosa kubwa kuliko marufuku yetu ya 1974, maana sisi tuliogopa kitu tusichokijua, na wale walikijua vizuri wakaogopa kupungukiwa mapato. Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake, TIX, katika miaka ile ile, na Arusha ikafuata.

Kilichobaki ni njia ya kutoka nje. Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya Seacom ilizinduliwa, Rais Kikwete akiwa Dar es Salaam. Mwaka huo huo TEAMS ilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Ilikuwa miaka 130 kamili tangu ile ya Aden, na njia yake baharini haikutofautiana sana. Ndani ya kebo hizi mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ujumbe hupita kwa mimweko ya mwanga, kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari hii hatukuachwa pwani. Serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, sehemu nyingine ukitundikwa kwenye njia kuu za umeme, nyingine ukifukiwa kando ya barabara, hata ukafika mipakani Rusumo, Kabanga na Mutukula. Kutoka kwenye mkongo minara ya vilimani hupokezana kwa mawimbi, mnara kwa mnara. Mzazi wa Kyerwa sasa husoma matokeo ya mwanawe siku yanapotangazwa, mimi niliyekuwa nikiyafuata mjini kwa lori.

Asubuhi moja ya Mei 2024 nilikwenda dukani kutoa fedha za dawa.

"Shikamoo Mwalimu. Leo mtandao hakuna, waya umekatika baharini."

"Marahaba. Bahari ipi?"

"Hawajasema, Mwalimu."

Ilikuwa bahari ya kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na Seacom ilikuwa imekwisha kuumia Bahari ya Shamu tangu Februari. Pakiti zinajua kutafuta njia nyingine, lakini ni lazima njia nyingine iwepo, na iwe na nafasi. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini kote ikarejea mwanzoni mwa Novemba. Safari ile hapakuwa na kebo iliyokatika. Ilikuwa miaka 56 kamili tangu zile herufi mbili za California.

Nilipokwenda Murongo mara ya mwisho nilisimama karibu na daraja. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati, Uganda. Mtu mwenye sauti nzuri anaweza kumwita mwenzake akasikika. Wafanyabiashara wa kahawa na ndizi wa pande mbili huulizana bei kwa simu mchana kutwa. Ujumbe wa mmoja wao hauvuki daraja lile. Huenda kilimani kwenye mnara, huteremka hadi kwenye mkongo, husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni ya kigeni yenye huduma ile, popote zilipowekwa, kisha hurudi kwa njia ya Uganda hadi Kikagati. Siku ya heri ni chini ya sekunde moja. Siku ile mawimbi yalikuwa dhaifu, na kijana aliyekuwa kando yangu alirudisha simu mfukoni, akatia vidole viwili kinywani, akapiga mluzi. Kutoka ng'ambo akajibiwa.