Kufukuzwa, Kuachishwa, Kuondolewa: Maneno ya Nidhamu Katika Utumishi wa Umma

Mtumishi wa umma aliyeko Tarakea, kule Rombo mpakani na Kenya, akituhumiwa kosa kubwa la nidhamu huhukumiwa kwa karatasi kuliko kwa mdomo. Majalada yake huteremka hadi Mkuu, makao ya wilaya. Rufani yake husafiri mbali zaidi, na watakaoiamua huenda wasimwone uso daima. Hivyo kilichoandikwa katika karatasi hizo ndicho kitakachomsemea au kitakachomsaliti. Makala haya yanakusudia kueleza yalikopitia baadhi ya maneno hayo, na kwa nini mfasiri anayeyachukulia kuwa ni visawe tu huweza kumpokonya mtu haki bila ya kukusudia.

Tuanze na neno lililo laini kuliko yote: kuondolewa. Historia ya Uchaga ina mfano wake mashuhuri. Thomas Marealle alitawazwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Mwaka 1960 Wachaga walipiga kura, wakapendelea kuwa na rais wa kuchaguliwa, na nafasi hiyo akaishika Solomon Eliufoo. Marealle hakufukuzwa, maana hakushitakiwa kosa lolote. Cheo chenyewe ndicho kilichoondoka, naye akaondoka pamoja nacho. Alikwenda mahakamani kudai fidia, lakini mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria iliyoyafunga madai ya fidia ya waliokuwa machifu. Mtu anaweza kuunga mkono kufutwa kwa uchifu, kama tulivyounga mkono wengi, na bado akaona jambo la kutafakari hapa: asiyeshitakiwa hana shitaka la kujibu, na kwa hiyo hana mahali pa kusimama ajitetee.

Miaka hiyo hiyo neno lililo gumu zaidi, yaani kufukuzwa, lilikuwa likijengewa uzio. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitoa hukumu katika shauri la de Souza dhidi ya Halmashauri ya Mji wa Tanga, ambayo mahakama zetu zimeirejea mara nyingi tangu hapo kila lilipozuka suala la kumsikiliza mtumishi kabla ya kumwadhibu. Huko Uingereza, Charles Ridge, mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, alifukuzwa mwaka 1958 bila ya kuitwa ajieleze, baada ya kuachiwa huru na mahakama ya jinai. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kufukuzwa kwake kulikuwa batili, kwa kuwa hakuelezwa tuhuma wala hakupewa nafasi ya kuzijibu. Hawakusema kwamba Ridge alikuwa mtumishi mwema. Hilo halikuwa swali.

Kanuni hiyo wanasheria wetu wameiita haki ya asili, au haki asilia. Tafsiri hii ni sahihi kwa neno lakini hafifu kwa maana, maana msomaji wa kawaida huweza kudhani inahusu mila. Katiba yetu ilifanya vizuri zaidi. Mabadiliko ya mwaka 1984 yaliingiza ndani yake, katika ibara ya 13, haki ya mtu kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Kusikilizwa ni neno la barazani na la nyumbani. Hakuna karani asiyelielewa.

Ila uzio ulikuwa na mlango. Sheria za utumishi zilirithi kanuni ya kikoloni kwamba mtumishi hushika kazi kwa ridhaa ya mkuu wa dola, na kutokana nayo likazaliwa fungu la maneno ambalo kila ofisi inalijua: kustaafishwa kwa manufaa ya umma. Aliyestaafishwa hivyo hakufukuzwa, basi hakusikilizwa. Na kwa kuwa manufaa ni ya umma, hakuelezwa hata sababu. Mlango huo uligongwa katika shauri la James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu na kuchapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1994. Jaji alishikilia kwamba mamlaka ya kumwondoa mtumishi kwa manufaa ya umma hayamwondolei mwajiri wajibu wa kutoa sababu. Kwa maoni yetu hukumu hiyo ni somo la istilahi kama ilivyo somo la sheria: jina zuri la kitendo halibadili kitendo.

Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 imeweka masharti matatu kabla ya kufukuza: hati ya mashtaka itolewe, mtumishi apewe nafasi ya haki ya kujibu, na uchunguzi ufanywe. Hapa ndipo makarani wengi huteleza, na kuteleza kwao ni kwa lugha. Barua ya kawaida ya ofisini humtaka mtumishi aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Barua hiyo si hati ya mashtaka. Inauliza juu ya adhabu kabla ya kosa kutajwa. Nyingine huandika “kutokana na kosa ulilolifanya”, ambapo kiambishi -li- kimekwisha kumtia mtu hatiani. Kiswahili kina tuhuma, shitaka na hatia, maneno matatu kwa ngazi tatu, na mwandishi mwangalifu ataandika “unatuhumiwa kuwa” mpaka uchunguzi umalizike.

Mwaka 2017 taarifa ya uhakiki iliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na ikaamriwa waondolewe kazini. Kughushi ni kosa zito, na mwalimu wa kweli huumia anapofanya kazi bega kwa bega na aliyeghushi. Lakini lililotangulia hapo lilikuwa orodha, na rufani zikafuata baadaye. Neno lililotumika zaidi, kama msomaji atakavyotazamia, ni kuondolewa.

Ng’ambo ya mpaka, hatua chache tu kutoka Tarakea, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilifuata njia nyingine. Ibara yake ya 236 haikutaja kufukuzwa peke yake. Imetaja pia kuondolewa katika cheo, kushushwa daraja na hatua yoyote nyingine ya nidhamu, na zote zimefungwa na sharti moja la kufuata utaratibu wa sheria. Mwandishi wa ibara hiyo alijua kwamba mlango mmoja ukifungwa, mwingine hutafutwa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na kazi ya kufasiri sheria za zamani imekuwa kubwa. Tungependa wanaohusika waanze na jambo dogo. Kiingereza cha kanuni za utumishi kina maneno mawili ya kumzuia mtumishi asifanye kazi: la kwanza humwacha na mshahara usiopungua nusu wakati tuhuma zikichunguzwa, la pili ni zito zaidi. Sisi yote mawili tunayaita kusimamishwa kazi. Mwenye barua hiyo mkononi hawezi kujua kama mwisho wa mwezi ana nusu mshahara au hana. La kwanza lingeweza kuitwa kuzuiwa kazi, na la pili likabaki na jina lake.