Bili ya ushuru ikizidi faida, mfanyabiashara ana siku 30 za kujitetea

WAUZAJI omena wa Mbita, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Rongo na wachuuzi wa Isebania wanafanana kwa jambo moja: fedha nyingi hupita mikononi mwao lakini zinazobaki ni chache. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumkata ushuru kila mwezi. Deni hulimbikizana kimyakimya, kisha barua ya Halmashauri ya Ushuru Nchini (KRA) inapofika, hudai yote kwa mkupuo.

Mara nyingi chanzo ni ushuru wa mauzo. Ulirejeshwa Januari 2020 na mwaka uo huo ukapunguzwa hadi asilimia 1. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha hadi asilimia 3 kuanzia Julai 1, 2023, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Ushuru huu hautazami faida. Tuseme mfanyabiashara wa Mbita ameuza omena ya Sh3 milioni kwa mwaka, na baada ya kuwalipa wavuvi, vibarua na wenye magari akabakiwa na Sh300,000. Asilimia 3 ya mauzo ni Sh90,000, karibu thuluthi ya alichovuna. Lau angetozwa ushuru wa kawaida wa mapato kwa viwango vya 2023, hesabu ingekuwa Sh31,800. Ukiondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 kwa mwaka, angedaiwa Sh3,000 pekee.

Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba amechagua njia hiyo ya pili. Haki hii ingefaa kutangazwa kwa sauti ile ile inayotangaza makataa ya kulipa.

Hata hivyo, ina sharti lake. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi katika hesabu za ushuru. Mvuvi wa mtumbwi atatoa wapi ankara? Marekebisho yaliyoanza Desemba 2024 yalimpa mnunuzi jukumu la kuiandaa mwenyewe anaponunua kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka.

Bili ikishafika, kosa kubwa ni kuificha barua kabatini. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa mlipa ushuru siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akitaja anachokataa, kwa sababu gani, na kuambatisha stakabadhi. Sehemu asiyoipinga sharti ailipe, au aombe muda wa kuilipa. Pingamizi likikataliwa, ana siku nyingine 30 kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru.

Makadirio yakitokana na taarifa za benki au za simu, zipitie mstari kwa mstari. Si kila shilingi iliyoingia ni mauzo. Mkopo wa chama, karo iliyotumwa na ndugu aliye Nairobi, fedha zilizohamishwa kutoka akaunti yako moja hadi nyingine: zote zaweza kuonekana kama mapato hadi uthibitishe vinginevyo. Ndiyo maana sheria inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5.

Kuchelewa kulipa huzua adhabu ya asilimia 5 ya ushuru, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi, ingawa riba hiyo haiwezi kuzidi ushuru wenyewe. Msamaha wa adhabu na riba uliotolewa kuanzia Septemba 2023, kisha ukaongezwa, ulifungwa Juni 30, 2025.

Kwa deni lisilo na ubishi, omba kwa maandishi kulipa kwa awamu, ukieleza hali ya biashara. Taja kiasi unachokimudu hata miezi ambayo samaki ni haba, kwani riba huendelea kuhesabiwa, na ukikosa awamu moja, salio lote hudaiwa papo hapo. Hapo KRA ina uwezo wa kuiagiza benki yako itoe fedha zilizomo kwenye akaunti kulipia deni hilo.