Sanduku la mkaa lenye magurudumu: jinsi ya kulitengeneza na kulitumia kwa usalama

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hukaza katika Nyanda za Juu Kusini. Kwenye uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani. Katika miezi hiyo mkaa nyumbani hauwi wa kupikia tu, ni wa kuotea moto pia, na gunia huingizwa ndani ili lisipate unyevu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mkaa ukiwa karibu, jiko nalo hubaki karibu, na usiku mtu huongeza mkaa badala ya kulitoa nje.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutengeneza sanduku la magurudumu la kutunzia mkaa chini ya upenu, nje ya nyumba ya kulala. Mkaa unabaki mkavu, na sanduku linaweza kusogezwa na mtu mmoja mvua ikibadili upande.

Ukubwa na uzito

Vipimo vya ndani tunavyopendekeza ni urefu sentimita 60, upana sentimita 45 na kimo sentimita 60. Sakafu ikiwekwa mteremko, sanduku litachukua madebe saba hivi ya lita 20. Kwa mkaa wa miti huo ni uzito wa kilo 30 hadi 35. Sanduku lenyewe, likiwa la mbao za paina, huwa na kilo 20 hivi.

Makaa ya mawe, kama yale yanayochimbwa Ngaka mkoani Ruvuma, ni mazito zaidi. Sanduku hilohilo likijazwa makaa ya mawe litapita kilo 100, na magurudumu mepesi hayatahimili. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2014 linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumike kama nishati ya nyumbani, kwa sababu ya moshi na sumu zake. Kama unatumia mkaa mbadala ulioshindiliwa, kama ule wa Rafiki Briquettes unaotengenezwa na STAMICO kwa makaa ya mawe, usijaze sanduku kabla ya kupima uzito. Anza na nusu.

Vifaa

- Mbao za inchi moja za kuzungushia kuta na sakafu.
- Mbao za mbili kwa mbili za nguzo nne, miguu miwili na mikono miwili yenye urefu wa mita moja kila mmoja.
- Kipande cha bati kinachozidi mdomo wa sanduku kwa sentimita 5 kila upande.
- Magurudumu mawili yenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 30. Ya toroli kuukuu yanafaa. Ukikosa, kata ya mbao ngumu.
- Chuma cha mviringo kilicho laini, kisicho na mikunjo kama nondo ya ujenzi, cha kutumika kama ekseli.
- Misumari, bolti nne na nati zake, washa, na grisi kidogo.

Hatua za kutengeneza

1. Simamisha nguzo nne. Mbili za upande wa mbele ziwe ndefu kuliko za nyuma kwa sentimita 5, ili maji ya mvua yateremkie nyuma. Pigilia mbao za kuta ukiziacha zigusane bila nafasi.

2. Weka sakafu yenye mteremko. Upande wa nyuma uwe juu kwa sentimita 10 kuliko mbele. Mteremko utasaidia mkaa kusogea kuelekea mlangoni, na ule wa zamani utatoka kwanza badala ya kukaa chini miezi yote na kugeuka chenga.

3. Kwenye ukuta wa mbele, chini kabisa, kata mlango mdogo wa sentimita 20 kwa 20. Pigilia vipande viwili vya mbao kila upande kama reli, kisha tia ubao wa kupandisha na kushusha. Mlango wa namna hii hauhitaji bawaba.

4. Funga ekseli chini ya sanduku, sentimita 10 kutoka mwisho wa nyuma. Kata bati nene kama utepe, lipindie juu ya chuma na ulipigilie pande zote mbili. Tia washa, gurudumu, kisha washa tena. Toboa ncha ya ekseli na upitishe msumari uliokunjwa ili gurudumu lisichomoke.

5. Funga mikono miwili kwa bolti ubavuni, karibu na nusu ya kimo cha sanduku, ikitokeza mbele kwa sentimita 40. Misumari peke yake italegea. Kwa kuwa magurudumu yako nyuma na mikono iko mbali mbele, anayeinua hubeba karibu robo tu ya uzito wote.

6. Miguu ya mbele ikatwe mwisho, magurudumu yakishafungwa, ili sanduku lisimame sawa.

7. Kifuniko kiwe cha kuchomoa kama cha sufuria. Tengeneza fremu inayovaa mdomo wa sanduku, pigilia bati juu yake, na weka kulabu mbili upepo usiliondoe.

Tumechagua magurudumu mawili makubwa badala ya manne madogo kwa sababu moja. Madogo hufaa kwenye sakafu ya saruji, lakini kwenye uwanja wa udongo huzama na kukwama.

Kabla ya kujaza

Mkaa uliotoka tanurini karibuni unaweza kuwaka tena wenyewe ukipata hewa, hata kama kwa nje unaonekana umepoa. Umwage mahali pa wazi, mbali na nyumba na majani makavu, ukae siku nzima na usiku wake. Ukiona joto au moshi, usiutie sandukuni.

Mkaa uliobaki jikoni nao usirudishwe siku hiyohiyo. Uzime kwenye kopo lenye mfuniko, na uusubiri hadi kesho yake. Kaa moja lenye moto katikati linatosha kuunguza sanduku na upenu. Sanduku lisikae karibu na jiko, na mafuta ya taa au petroli visiwekwe kando yake.

Chenga zitakazobaki chini zisitupwe. Zikichanganywa na udongo wa mfinyanzi au uji wa muhogo, zikafinyangwa na kukaushwa juani, ni mkaa tena.

Jiko lisilale ndani

Sanduku hili halitamsaidia anayelala na jiko chumbani. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na haikerehi macho kama moshi. Ikiingia mwilini hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mkaa mwekundu usio na moshi, ule ambao wengi huuona salama, bado unaitoa kwa wingi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja na jiko limewaka ndani, msifikirie malaria kwanza. Tokeni nje nyote, jiko litolewe, na mfike kituo cha afya upesi. Aliyelala hapati nafasi ya kuona dalili hizo, ndiyo maana wengi hawaamki.

Kwa hiyo, oteni moto jioni mahali penye mlango na madirisha wazi, na jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kwenda kulala. Kwa wazee na watoto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa hupasha kitanda bila sumu. Sanduku likiwa nje chini ya upenu, kuongeza mkaa usiku kunamlazimu mtu atoke kwenye baridi, na wengi wataona afadhali kuongeza blanketi.