Kengele ya Reli na Ufagio wa Alfajiri

Shule nyingi za Morogoro nilizozijua hazikuwa na kengele ya kununuliwa. Zilikuwa na kipande cha chuma cha reli, kimetundikwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, na mwanafunzi wa zamu alikigonga kwa nondo. Reli yenyewe ililetwa na Wajerumani na kufika Morogoro mwaka 1907. Sidhani kama walioilaza walitazamia kwamba masalio yake yangekuja kuwapanga watoto mistarini. Mimi nimeishi zaidi ya nusu ya umri wangu kwa sauti ya chuma hicho, kwanza nikiitwa nacho, kisha nikiagiza kigongwe. Kwa hiyo ninapotaka kuzungumza na msomaji juu ya desturi ndogo za kila siku, zile zinazompa mtu utulivu wa mwili na roho, nalazimika kuanza na wale waliotugongea kengele.

Wa kwanza walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Mhonda mwaka 1877, na Morogoro mwaka 1882. Kengele yao ililia alfajiri, adhuhuri na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na hata asiyesali alijua saa ya kushika jembe na saa ya kuliweka chini. Waislamu wa mjini walikuwa na adhana yao mara tano. Sioni ubaya katika hayo. Sauti ile iliwakatisha watu shughuli zao, ikawakumbusha kwamba siku si kazi tupu.

Mashamba ya mkonge yalileta kengele ya namna nyingine. Mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Asiyemaliza kazi yake ya siku hakuandikiwa, na mshahara ulingoja nafasi zote zijae. Siku ya mtu ikawa mikononi mwa karani.

Lakini kisa kinachonifundisha zaidi kiko juu milimani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Amri ilikuwa na hoja, kwani udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji hadi mitoni. Tatizo ni kwamba mahali pengi udongo wenye rutuba ni ganda jembamba tu; ukichimba ngazi pana unaufukia huo na kuuleta juu ule usiozaa. Watu walitoa jasho bila kuona mavuno. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, ila wazee wetu waliyasimulia hayo kwa miaka mingi.

Sasa tazama ajabu yake. Waluguru hao hao walikuwa na ngazi zao tangu zamani. Mkulima alipopalilia alikusanya majani, akayalaza kukingama mteremko, akayafukia kwa udongo wa juu, na mwaka kwa mwaka shamba likapata vidato vyembamba vya kuzuia maji. Hakuna bwana shamba aliyewasimamia. Kazi ile ile ya jembe, mlima ule ule. Moja ilileta risasi na nyingine ikadumu. Nimefikiri sana juu ya tofauti hiyo, na sioni nyingine ila hii: ngazi za wazee zilizaliwa na kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya tayari, naye alijua kwa nini anaifanya.

Baada ya Uhuru tuligonga kengele wenyewe. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, Elimu ya Kujitegemea ikatangazwa mwaka 1967, na sisi walimu vijana tukakimbia mchakamchaka pamoja na wanafunzi kabla jua halijachomoza, nyimbo zikivuma hadi bondeni. Baadaye usafi, ukaguzi wa kucha, bendera, darasa, shamba. Niseme kweli, nilikupenda kukimbia kule, na miguu yangu bado inakushukuru. Lakini wengi wa wanafunzi wangu waliacha kukimbia siku waliyomaliza shule. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwenda ndani zaidi, maana watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana sababu ya kuchimba choo na kuchemsha maji. Zipo nyumba ambazo birika lingali linachemshwa kila jioni, na mwenye nyumba hakumbuki tena alianzia wapi.

Haya yananigusa kwa sababu ya wenzangu waliostaafu. Mwalimu mmoja, hodari kuliko sisi sote kwa kuwahi kazini, alikabidhi funguo akiwa na afya njema. Miezi michache baadaye nilimkuta saa nne asubuhi amekaa kitandani, dirisha limefungwa, hajanawa uso. Hakuwa mgonjwa wala hakukosa chakula. Miaka 35 siku yake ilifunguliwa na chuma cha reli, na chuma hakikugongwa tena.

Nikilinganisha, namkumbuka mama yangu, ambaye hakupata kuajiriwa na mtu. Alfajiri alifagia uwanja, michirizi ya ufagio ikabaki kama maandishi, akabandika uji, kisha, kabla saa moja haijatimia, akaenda kuamkia nyumba tatu. Umeamkaje? Mgongo unasemaje? Mlango uliochelewa kufunguliwa ulibishwa. Asubuhi moja alibisha kwa bibi jirani, hakujibiwa, akaita vijana, wakamkuta ameanguka tangu usiku, baridi imemwingia. Bibi yule aliishi miaka sita mingine. Mama hakuiita desturi ile kwa jina lolote. Ilikuwa kuamka tu.

Mimi nami nafagia, ingawa wajukuu wanaona aibu mwalimu mkuu kushika ufagio. Kisha napanda njia ya mlimani hadi kijitoni, nikiamkia milango minne nikienda na minne nikirudi. Mvua ikinyesha natoka na mwavuli.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliyekuwa akikaribia kustaafu alinijia kuuliza afanye nini na asubuhi zake. Alikuwa ameleta daftari ili aandike ratiba. Nilimwuliza jirani yake wa upande wa juu huamka saa ngapi. Hakujua, akafunga daftari, akasema atakwenda kumwuliza.